Namna ya Kumchagulia Mtu Hadithi ya Kutisha ya Kusoma Usiku

Ombi ni lile lile kila mara: "Naomba hadithi ya kutisha, nataka kusoma usiku huu." Na majibu ni yale yale: orodha ya vitabu 10 iliyonakiliwa mahali, Dracula juu kabisa. Muulizaji anachukua cha kwanza, anafika sura ya saba, usingizi unamzidi, na kesho yake anatangaza kwamba hadithi za kutisha ni za watoto. Kitabu hakina kosa. Dracula ni kazi nzuri, ila ina sura 27, na mtu huyu alikuwa na dakika 40 na kichwa kilichochoka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayeombwa pendekezo. Kama unajichagulia mwenyewe, jiulize maswali yale yale. Kanuni inayoshikilia hatua zote ni moja: anza na mtu na saa yake, jina la kitabu lije mwisho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Hadithi 5 ulizozisoma mwenyewe hadi mwisho. Si ulizotazama filamu yake, wala ulizosikia zikisifiwa.
- Urefu wa kila moja kwa dakika. Msomaji aliyezoea Kiingereza husoma takriban maneno 200 kwa dakika. Anayekisoma kwa kujikaza, 150 au chini ya hapo. Kwa vitabu vya Kiswahili pima kwa kurasa: soma dakika 5 saa tano usiku, ukiwa umechoka kweli, kisha hesabu kurasa. Usipime asubuhi.
- Mahali halali pa kuipata kila hadithi, uwe umepajaribu wewe kwanza.
- Maelezo mafupi ya kilichomo kinachoweza kumuumiza mtu: kifo cha mtoto, kujiua, ubakaji, mateso ya wanyama, ugonjwa wa akili.

Kitu cha mwisho ndicho watu hukiruka, na ndicho huharibu zaidi. Tutakirudia.

Hatua ya 1: Uliza maswali manne

Usitaje jina lolote la kitabu kabla ya kupata majibu haya.

1. "Kitu gani kilikutisha mara ya mwisho ukakikumbuka kesho yake?" Jibu linaweza kuwa filamu, simulizi ya bibi, hata sauti juu ya bati. Hapo unapata aina ya hofu yake.
2. "Una muda gani, na unataka kumaliza leo leo?"
3. "Kuna jambo hutaki kulisoma kwa sasa?" Uliza hivyo hivyo, bila kudai sababu.
4. "Unasomea nini: simu, karatasi au masikio?"

Watu wengi watajibu la kwanza kwa "chochote tu, bora kitishe." Usikubali. Mpe uchague kati ya mambo mawili: kuona kitu kibaya waziwazi, au kushuku kwamba kipo na kisionekane. Jibu la hapo halina "chochote".

Hatua ya 2: Tambua aina ya hofu

Hadithi inaweza kuwa bora na bado ikamwacha msomaji baridi kwa sababu hofu yake iko kwingine. Hizi ndizo aina zinazoombwa zaidi, na pa kuanzia.

*Laana na kitu cha kutupiwa.* Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mlango huu ndio mwepesi kuliko yote, kwa sababu hakuna cha kumweleza. "Casting the Runes" ya M. R. James (1911) ni habari ya mtu anayepewa karatasi mkononi bila kujua kilichoandikwa ndani yake, na muda wake wa kuishi umeshapangwa. Sheria za uchawi ule, yaani lazima upokee kwa mkono wako na unaweza kurudisha ukijua namna, zinaeleweka Tanga na Kitui bila tanbihi. Nyingine ni "The Monkey's Paw" ya W. W. Jacobs (1902): kiganja cha nyani kilichokaushwa, matakwa matatu, familia ya watu watatu. Kiingereza chake ni chepesi na hakuna aya ya kupoteza.

*Mzuka.* Hapa mwalimu ni huyo huyo M. R. James. Kitabu chake Ghost Stories of an Antiquary (1904) kina hadithi 8, na nyingi kati ya hadithi zake aliwasomea marafiki kwa sauti wakati wa Krismasi huko King's College, Cambridge. Ndiyo maana zinaanza taratibu, na wazee wa vitabu na makanisa ya kale. Mwambie msomaji mapema avumilie kurasa 3 au 4. Aanze na "Oh, Whistle, and I'll Come to You, My Lad": profesa asiyeamini mambo ya mizuka yuko likizoni kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, anaokota filimbi kwenye magofu, anaipuliza. Aliyekua akikatazwa kupiga mluzi usiku ameshaelewa. Chumba cha profesa hotelini kina vitanda viwili, na yeye yuko peke yake. Kama msomaji wako naye analala chumba chenye kitanda kitupu cha pili, kumwonya au kutomwonya kunategemea urafiki wenu.

*Ishara na maafa yajayo.* "The Signal-Man" ya Charles Dickens (1866). Itazame aya ya kwanza, maana inafundisha jinsi hadithi nzuri ya usiku inavyofanya kazi. Msimulizi amesimama juu ya ukingo mrefu, chini yake kuna njia ya reli, na mlinzi wa ishara yuko mlangoni pa kibanda chake. Anamwita kwa sauti. Mtu yeyote angeinua macho juu sauti inakotoka. Yule mlinzi anageuka na kuangalia relini. Basi. Hakuna damu, hakuna kelele, lakini kuna kitu hakiko sawa na msomaji hajui ni nini. Sababu inakuja baadaye, na hapo ndipo aya ile ya kwanza inapotisha kweli. Dickens mwenyewe alinusurika ajali ya treni Staplehurst tarehe 9 Juni 1865, mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kuichapisha.

*Pori na maji.* "The Willows" ya Algernon Blackwood (1907): wanaume wawili ndani ya mtumbwi kwenye mto Danube, kati ya Vienna na Budapest, wamepiga kambi kwenye kisiwa cha mchanga huku mto umefurika na kisiwa kinamegwa saa baada ya saa. Hakuna mzuka wa mtu aliyekufa hapa. Kilichopo hakina hata haja nao. Mfupi zaidi ni "The Voice in the Night" ya William Hope Hodgson (1907), mwandishi aliyewahi kuwa baharia: merikebu imekwama bila upepo katika Pasifiki, usiku, na kutoka gizani sauti inaomba chakula na kusihi taa iondolewe. Wapwani huielewa upesi hofu ya kutomwona anayekuita kutoka majini.

*Je, ni kweli au ni akili yake?* "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman (1892) na The Turn of the Screw ya Henry James (1898). Ya kwanza inasomeka kwa nusu saa. Ya pili ina sentensi ndefu mno, na kwa msomaji aliyechoka inageuka dawa ya usingizi. Mpe yule tu aliyekwisha kusoma nne au tano za aina hii na anayependa kubishana kuhusu mwisho.

*Mnyonya damu.* Mwanzie kwa Carmilla ya Sheridan Le Fanu (1872), iliyotangulia Dracula kwa miaka 25. Sura zake 16 ni fupi. Akisisitiza Dracula (1897), mpe sura 4 za kwanza kama hadithi kamili: shajara ya kijana Mwingereza ndani ya ngome. Ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote, na akiishia hapo hajapata hasara.

*Fupi fupi.* Kwaidan ya Lafcadio Hearn (1904), simulizi za Kijapani zilizoandikwa upya kwa Kiingereza safi. "Mujina" ni ya kurasa chache tu. Iliyobaki akilini mwa wengi ni ile ya Hoichi, mpiga ala kipofu anayeitwa usiku kuwaimbia watu asiojua ni akina nani.

*Ya kisasa.* The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson (1959) kwa anayependa nyumba yenye nia mbaya, The Woman in Black ya Susan Hill (1983) kwa anayetaka mzuka wa mtindo wa kale katika kitabu kisicho kirefu, na Night Shift ya Stephen King (1978) kwa anayetaka hadithi fupi zenye mshtuko. Hizi zote ni za kununua au kuazima.

*Kwa Kiswahili.* Hapa inabidi kuwa mkweli, kwa sababu ndipo mapendekezo yanapokosewa zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968) za Muhammed Said Abdulla zina majina ya kuogofya, na watu huzitaja kama riwaya za mizuka. Ni riwaya za upelelezi. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anatafuta muuaji kwa akili, na imani za mizimu ni sehemu ya fumbo analolifumbua. Mpe anayependa giza la Unguja na maelezo ya mwisho yanayoeleweka. Ukimpa anayetaka jini, atakulaumu. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ina mzuka wa kweli, babu anayemjia mjukuu wake mkubwa serikalini, lakini makali yake yako kwenye siasa. Nzuri sana kwa anayesoma ili afikiri. Si ya kumfanya mtu aogope kwenda msalani.

Anayetaka mizimu ya Kiafrika kwa Kiingereza, mpe My Life in the Bush of Ghosts ya Amos Tutuola (1954), mtoto anayekimbia wateka watumwa na kuingia msitu wa mizimu. Mwonye kwamba Kiingereza chake kimepinda, na ndivyo kilivyoandikwa. Asidhani faili limeharibika.

Hatua ya 3: Linganisha urefu na saa

Hadithi ya kutisha hupoteza nguvu ikikatwa katikati. Riwaya inaweza kugawanywa, hadithi fupi isigawanywe. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika:

- Dakika 10: "Mujina", au "The Tell-Tale Heart" ya Edgar Allan Poe (1843).
- Dakika 20 hadi 30: "The Monkey's Paw" (maneno 4,000 hivi), "The Signal-Man", "The Voice in the Night", "The Yellow Wallpaper".
- Dakika 40 hadi 50: "Oh, Whistle", "Casting the Runes".
- Karibu saa mbili: "The Willows" (maneno 20,000 hivi).
- Usiku 4: Carmilla, sura 4 kila usiku, kama dakika 35.

Punguza robo ya muda aliokutajia. Aliyesema "nina saa nzima" ana dakika 45, nyingine zitaliwa na simu, maji na kufunga mlango. Na msomaji akianza saa sita usiku, usimpe kitu cha zaidi ya nusu saa hata akibisha.

Hatua ya 4: Toa tatu, usitoe kumi

Moja ya uhakika, inayolingana kabisa na majibu yake. Moja yenye makali zaidi ya aina ile ile. Moja ya pembeni, aina ambayo hakuiomba. Kwa aliyesema anaogopa kurogwa na ana nusu saa: "The Monkey's Paw" kwanza, kisha "Casting the Runes" kwa usiku wenye nafasi, na "The Signal-Man" pembeni.

Mwambie waziwazi aanze na ipi. Aliyepewa tatu bila mpangilio atatumia dakika 15 kuchagua, na usiku hauna dakika hizo.

Hatua ya 5: Hakikisha maandishi yenyewe

Kazi zote za kabla ya 1929 zilizotajwa hapa ni huru kisheria, na nyingi zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Nyingi zipo pia Standard Ebooks kwa mpangilio safi zaidi. Za kusikiliza ziko LibriVox, zimesomwa na watu wa kujitolea. Kenya na Tanzania sheria hulinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo Abdulla na Mohamed si wa kupakua bure. Nunua, au uliza maktaba.

Mambo ya kukagua kabla ya kutuma:

- Chagua EPUB kwa simu, yaani faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kulingana na skrini. PDF humlazimisha mtu kuvuta ukurasa kushoto na kulia gizani, na hofu yote inaishia hapo. Faili la EPUB lisilo na picha mara nyingi halifiki MB 1.
- Hadithi fupi nyingi zimo ndani ya mkusanyiko. Taja jina la mkusanyiko na jina la hadithi. Ukimtumia faili lenye hadithi 8 bila maelezo, ataanza na ya kwanza, ambayo hukuikusudia.
- Fungua faili mwenyewe, ruka hadi ukurasa wa mwisho wa hadithi, hakikisha upo. PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mara nyingi zimekatwa mwisho, na hadithi ya kutisha isiyo na mwisho si hadithi. Zile za riwaya za Kiswahili ni wizi pia.
- Ruka utangulizi. Matoleo mengi yana dibaji ya mhakiki inayosimulia mwisho wote kwenye ukurasa wa pili. Mwambie msomaji aanzie hadithi ilipo.

Hatua ya 6: Andika pendekezo lenyewe

Sentensi 4 zinatosha. Ya kwanza iseme hali inayoanzisha hadithi, ya pili muda, ya tatu onyo kama lipo, ya nne mahali pa kuipata. Tazama pendekezo baya:

"Dada, soma The Monkey's Paw, ni hatari!!! Mwisho wake hutaamini, nililala na taa. Inatisha kuliko zote duniani."

Lina makosa matatu. Limeahidi kuliko hadithi fupi yoyote inavyoweza kulipa. Limemwambia kuna jambo mwishoni, kwa hiyo atasoma kila mstari akilitafuta. Na halijamwambia kwamba ndani yake kuna wazazi na kifo. Sasa hili:

"Dada, jaribu The Monkey's Paw ya W. W. Jacobs: usiku wa mvua mgeni analeta kiganja cha nyani kilichokaushwa kwenye nyumba ya wazee wawili na kijana wao, na kinasemwa kinatimiza matakwa matatu. Ni ya dakika 20, isome mfululizo. Kuna msiba wa kifamilia, kama si wakati wake niambie nikupe nyingine. Iko Project Gutenberg, kwenye mkusanyiko The Lady of the Barge."

Kila kilichotajwa kwenye hili la pili, msomaji angekikuta kwenye kurasa za kwanza. Hicho ndicho kipimo: ukipita robo ya mwanzo ya hadithi, nyamaza. Onyo ndilo pekee linaloruhusiwa kuvuka mpaka huo, nalo liseme aina ya jambo bila kusema linampata nani.

Hatua ya 7: Mpangie usiku

Mpe maelekezo haya pamoja na hadithi. Ni mafupi lakini yana kazi.

1. Pakua mchana. Mtandao ukisumbua saa tano usiku, hamu inakufa.
2. Chaji simu hadi zaidi ya asilimia 50, halafu zima data. Ujumbe mmoja wa grupu la harusi juu ya skrini unafuta kurasa 10 za hofu.
3. Weka ukurasa mweusi na herufi za kijivu, mwanga chini, herufi kubwa kiasi cha maneno 7 au 8 kwa mstari. Mistari mirefu humchosha msomaji naye huanza kuruka.
4. Acha taa ndogo ikiwaka mahali fulani chumbani. Giza kabisa na skrini usoni huumiza macho kabla ya kutisha moyo.
5. Kwa anayesikiliza: sikio moja tu, na asikilize dakika 3 za mwanzo mchana, kwani wasomaji wa LibriVox wanatofautiana sana. Kusikiliza huchukua muda zaidi. "Oh, Whistle" hukaribia saa moja.

Hatua ya 8: Fuatilia vizuri

Kesho yake usiulize "umeipenda?" Atasema ndiyo kwa heshima. Uliza "ulisimama wapi?" au "ni sehemu gani ilikurudia ulipozima taa?" Akitaja chumba, sauti au kitu kidogo, anapenda kudokezwa, mpe M. R. James au Hodgson. Akitaja tukio, mpe King. Akisema hakumaliza, muulize ukurasa aliokwama na utajua kama tatizo ni lugha, urefu au aina ya hofu.

Makosa ya kuepuka

Kumpa aliyefiwa hadithi ya wafu wanaorudi. Hili liko juu ya yote. "The Monkey's Paw" na Pet Sematary ya King (1983) zinagusa kufiwa na mtoto moja kwa moja, na hakuna ubora wa uandishi unaofidia. "The Yellow Wallpaper" nayo ni ya mama aliyejifungua karibuni na kufungiwa chumbani kwa jina la matibabu; usimtumie mzazi mwenye kichanga kama burudani.

Kumtumia H. P. Lovecraft mtu asiyeonywa. Ana hofu ya ulimwengu mkubwa usiojali binadamu ambayo wachache wameifikia, lakini ubaguzi wake dhidi ya Waafrika na wahamiaji umo ndani ya maandishi, si pembeni. "The Call of Cthulhu" (1928) unao. "The Colour Out of Space" (1927), ya shamba linalooza baada ya kimondo kuanguka, ndiyo salama zaidi ya kuanzia.

Kudharau imani ya msomaji. Kuna anayesoma habari za majini kama mchezo na kuna anayezisoma kama taarifa. Kwa huyu wa pili usimpe hadithi ya majini usiku akiwa peke yake kisha umcheke. Mpe "The Willows" au mnyonya damu wa Ulaya, walio mbali na mlango wake.

Kudhani filamu na kitabu ni kitu kimoja. Aliyetazama The Shining ya mwaka 1980 hajasoma riwaya ya King ya 1977. Mwisho wa riwaya ni tofauti kabisa.

Matatizo na ufumbuzi

*Hakutishika hata kidogo.* Muulize alisoma wapi. Aliyesoma kwenye daladala au matatu mchana hajaijaribu hadithi bado. Kama alisoma usiku, peke yake, mfululizo, basi umekosea aina. Rudi hatua ya 2 na umpe kutoka upande wa pili wa swali la kuona au kushuku.

*Alilala ukurasa wa tatu.* Umempa Henry James au Poe wa aya ndefu. Mpe Jacobs, au Hearn. Akilala na hapo, anahitaji usingizi.

*Kiingereza kinamshinda.* Usimpe tafsiri ya mashine. Inageuza mzuka kuwa kichekesho. Msomee wewe au msimulie kwa Kiswahili. "The Monkey's Paw" inasimulika vizuri sana: isome mara mbili, kariri mpangilio wa matakwa matatu, na usiharakishe sehemu ya mwisho. Ikifika hapo, punguza sauti na uongeze vituo kati ya sentensi.

*Ametishika kupita kiasi, hawezi kulala.* Asiache katikati, kwani akili itajitungia mwisho mbaya zaidi. Msimulie mwisho kwa sentensi mbili kavu, kama taarifa ya habari. Kisha awashe taa, anywe maji, asome kurasa chache za kitu kingine anachokijua. Bwana Msa hufaa hapa: ana mzimu mlangoni na maelezo ya akili mwishoni.

*Amesoma zote maarufu.* Acha majina ya hadithi, mpe waandishi. Aingie mkusanyiko mzima wa M. R. James, kisha E. F. Benson, "The Room in the Tower" (1912) kwanza, kisha hadithi nyingine za baharini za Hodgson.

*Wako wengi na wanataka kusoma pamoja.* Chagua ya chini ya maneno 5,000, msomaji mmoja kwa sauti, wengine bila simu. Kwa mwendo wa maneno 140 kwa dakika, "The Signal-Man" itachukua dakika 35 hivi. Msomaji awe ameipitia mara moja kabla, hasa ile sauti ya kumwita mlinzi kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu inarudi na lazima aitamke vilevile kila mara.